Matofali ya Kuchezea Mikononi mwa Watu Wazima: Msikiti Hautatoka Kiwandani



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazazi, kaka na dada, na wanafunzi mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani. Mama mmoja katika wasomaji wetu ametuuliza jambo. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 29 na yuko masomoni Ulaya. Anaswali, anapiga simu kila Ijumaa, na hana tabia ya kumtia mzazi wasiwasi. Lakini karibuni alituma picha ya chumba chake, na juu ya meza palikuwa na mnara mrefu alioujenga kwa matofali yale ya plastiki ya watoto yanayoitwa LEGO. Akaeleza kwa furaha kwamba kazi hiyo imemchukua majuma matatu. Mama anauliza: je, haya si mambo ya kitoto kwa mtu wa umri ule? Na dini inasemaje?

Tulilijadili swali hili katika kikao chetu na hatukukubaliana mara moja. Wapo kati yetu walioona ni lahw tupu, mtu mzima hovyo. Wapo walioona ni burudani safi kuliko nyingi tunazozijua. Mwisho tulifikia rai moja, nayo ndiyo tunayoiandika hapa. Ni rai tu. Mwenye kutaka fatwa amwendee sheikh wake.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kampuni ya LEGO ilianzishwa na seremala, Ole Kirk Christiansen, mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark. Alianza na vitu vya kuchezea vya mbao. Jina la LEGO lilikuja 1934, na limetokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali tunalolijua leo, lenye vinundu juu na mirija ndani kwa chini, liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Tofali la mwaka ule bado linashikana na lililotoka kiwandani mwaka huu. Hilo peke yake ni somo la kazi nzuri, kwa sisi tuliozoea kununua kifaa leo na kesho spea yake haipatikani.

Kwa muda mrefu watu waliyahesabu matofali haya kuwa ni ya watoto tu. Lakini walikuwepo watu wazima walioyarudia, wengi wao kimyakimya kwa kuona haya. Wenyewe wana msemo wao: ile miaka ambayo mtu ameacha kucheza kwa sababu amebalehe, ana masomo, ana kazi, wanaiita "enzi za giza". Kisha siku moja anaingia dukani kumnunulia mtoto zawadi, na enzi za giza zinakwisha. Mwaka 1995 mtu mmoja wa Australia, James Jessiman, alitengeneza programu ya kompyuta iitwayo LDraw, ya kuchorea jengo la matofali kabla ya kulijenga. Alifariki 1997, lakini kazi yake iliendelezwa na wenzake na inatumika mpaka leo. Mwaka 2000 lilianzishwa soko la BrickLink, ambapo mtu ananunua tofali moja moja kwa rangi na umbo analotaka. Kampuni yenyewe ililinunua soko hilo mwaka 2019. Mwaka 2008 msanifu majengo wa Chicago, Adam Reed Tucker, alishirikiana na kampuni kuanzisha mfululizo wa majengo mashuhuri. Na ilipofika 2020, maboksi yakaanza kuandikwa 18+ waziwazi. Yaani kiwanda kimekiri kwamba mteja wake si mtoto peke yake.

Kwa hiyo yule kijana si peke yake. Wahandisi, walimu, madaktari, madereva wa malori, wote wamo. Wana maonyesho yao ya kila mwaka: Skærbæk huko Denmark, na karibu na Seattle na Chicago huko Marekani. Wanakodi ukumbi na kupanga meza, na kila mmoja anakuja na alichokijenga: daraja, stesheni ya treni, kijiji kizima chenye taa.

Kwa wanafunzi wetu wanaopenda hisabati tuongeze hili. Chukua matofali mawili yaliyo sawa, kila moja lina vinundu vinane. Unaweza kuyaunganisha kwa namna 24. Ongeza la tatu, namna zinafika 1,060. Je, yakiwa sita ya rangi moja? Kampuni ilikuwa ikitangaza tangu miaka ya 1970 kwamba ni namna 102,981,500. Mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen aliona hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu ilihesabu minara ya ghorofa sita tu, ambapo tofali moja linakaa juu ya jingine mpaka mwisho. Yeye na wenzake waliingiza hesabu kwenye kompyuta wakapata 915,103,765. Matofali sita tu! Mtoto wa sekondari anayeona hesabu za mpangilio ni adhabu, mpeni matofali mawili mkononi aanze kuzitafuta zile namna 24 mwenyewe.

Sasa tuingie katika hukumu ya jambo. Linalotusumbua wengi ni neno "mchezo". Tumelelewa tukiamini mchezo ni wa mtoto, na mtu mzima akicheza amepungukiwa. Lakini tukisoma sira ya Mtume wetu (S.A.W.) tunaona picha nyingine. Alishindana mbio na mama yetu Aisha (R.A.), siku moja akashindwa, siku nyingine akashinda. Alimtania mtoto Abu Umayr kuhusu ndege wake mdogo. Na Handhala (R.A.) alipokuja akiwa amejawa na hofu kwamba amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume anaikumbuka Akhera na akiwa nyumbani anashughulika na mke na watoto, hakuambiwa aache ya nyumbani. Aliambiwa kuna wakati wa hili na wakati wa lile. Na katika hadithi inayotaja michezo isiyohesabiwa kuwa ni upuuzi, mtu kucheza na ahli zake kumo.

Basi mchezo wenyewe si aibu. La kuuliza ni unakula nini katika maisha ya mtu: swala yake, mali yake, haki ya mkewe, haki ya wanawe?

Hapa tuseme kweli, hata kama itauma. Baadhi yetu tunaomcheka mtu mzima mwenye matofali, sisi wenyewe tuna michezo yetu. Kuna dhumna na karata za kijiweni mpaka saa nne usiku. Kuna mpira wa Uingereza, ambao mwanamume anaujua kwa majina ya wachezaji na tarehe zao, naye hajui mwanawe yuko juzuu ya ngapi madrasa. Na kuna balaa kubwa la kubeti, ambalo ni kamari, ni haramu bila mjadala, na limeingia mpaka kwa vijana wa familia zinazoheshimika. Mtu akitoka katika duka la kubeti hatumwiti mtoto, tunasema anatafuta riziki. Akikaa na matofali mezani, tunasema akili imemruka. Tumeipata wapi mizani hii?

Tena mchezo huu una sifa ambayo kwetu ni kubwa: unasubiri. Mechi haikusubiri, na michezo mingi ya simu imetengenezwa makusudi isikuachie. Tofali ukiliweka mezani Maghrib inapoadhiniwa, utalikuta palepale ukitoka msikitini. Haliiti wala halipigi kengele. Mtoto wa miaka sita anaweza kukaa pembeni akakupa kipande unachokihitaji, nanyi mkazungumza. Baba wengi wanatuuliza wazungumze nini na watoto wao wa kiume wanapofika miaka kumi na miwili na kuanza kujibu kwa neno moja. Jawabu letu ni kwamba kijana wa umri huo hazungumzi akiwa ametazamwa usoni. Huzungumza mikono yake ikiwa na kazi.

Hata wanaoshughulika na watoto waliopitia makubwa wameliona hili. Mwaka 2019 mfuko wa LEGO, ambao unamiliki robo ya kampuni ile, ulitoa dola milioni 100 kwa shirika la IRC kwa ajili ya watoto wakimbizi hapa Uganda na Ethiopia. Mradi ulipewa jina la PlayMatters, na kazi yake kubwa ni kuwafundisha watu wazima, yaani walimu na wazazi, namna ya kumfundisha mtoto kwa kucheza naye. Hatuutaji kuisifu kampuni. Tunautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mtu mzima naye anahitaji kujifunza kucheza, na wengi wetu tumeshasahau.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumewapa rukhsa watu ambao hatukukusudia kuwapa. Katika jambo hili mna mambo mawili yanayofanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani.

La kwanza ni kununua boksi. Boksi lina picha, lina kitabu cha maelekezo, vipande vyote vimehesabiwa. Unafuata hatua moja baada ya nyingine, unamaliza, unaweka kabatini, unatafuta boksi jingine. Mnara wa Eiffel uliotoka mwaka 2022 una vipande 10,001 na kimo cha karibu mita moja na nusu, na ulipotoka uliuzwa takriban dola 630 za Kimarekani. Ni zaidi ya milioni mbili za shilingi za Uganda. Kijana aliyeko ughaibuni anaweza kusema ni mshahara wa siku chache tu. Sawa, lakini yeye mwenyewe anajua nyumbani kuna ada ya mdogo wake. Allah (S.W.) katika Surat al-Furqan anawasifu waja wake ambao katika matumizi hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, bali wako katikati ya hayo. Kila mtu anajua katikati yake iko wapi, na tukiwa wakweli, boksi la tano lililopangwa kabatini halimo. Siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mali yake mara mbili: ameichuma vipi na ameitumia katika nini.

Wapo pia wanaonunua maboksi wasiyafungue kabisa, wakisubiri yapande bei. Watafiti wa chuo kimoja cha uchumi cha Moscow walichunguza bei za maboksi ya miaka ya 1987 hadi 2015 wakaona kwamba yaliyofungwa yalipanda kwa wastani wa karibu asilimia 11 kwa mwaka. Hiyo basi si hobi tena, ni biashara. Aliyenunua boksi kwa nia ya kuliuza afahamu kwamba ana bidhaa ya biashara, na bidhaa ya biashara ina zaka yake ikitimia nisabu na mwaka. Tunajua wapo watakaoshangaa kusikia zaka ya LEGO, lakini fiqhi haiangalii bidhaa hiyo imetengenezwa kwa plastiki au kwa hariri.

La pili ni kujenga kitu chako mwenyewe. Hapa hakuna kitabu wala picha. Mtu ana rundo la matofali yaliyochanganyika, ana wazo kichwani, na anajenga, anabomoa, anajenga tena. Wajenzi hawa wamegundua mbinu ambazo hata kiwandani walizichukua kutoka kwao baadaye, kama kulilaza tofali ubavu ili vinundu vitazame nje badala ya juu, na ukuta ukawa laini au ukapata nakshi. Hii ndiyo sehemu tunayoitetea. Ina subira, ina hesabu, na mtu haionei uchungu kazi ya jana akiona imekosewa.

Kabla ya kuendelea tuliseme la picha na sanamu, maana tunajua tutaulizwa. Mwaka 1978 LEGO walitoa yule mtu mdogo mwenye uso wa njano, na tangu hapo yumo katika maboksi mengi. Kwa watoto, wanavyuoni wengi wametoa nafasi kwa dalili ya Bi Aisha (R.A.), aliyekuwa na wanasesere wake, na Mtume (S.A.W.) alipoona kati yao farasi mwenye mbawa alimuuliza, akajibiwa, akacheka. Lakini mtu mzima kupanga sanamu rafuni kwa pambo ni suala jingine, na wapo wanaolitilia mkazo mkubwa. Nathan Sawaya, aliyeacha uwakili huko New York akawa msanii wa matofali na kuzunguka dunia na maonyesho yake, anajulikana zaidi kwa sanamu za binadamu wa kimo kamili. Tunaiheshimu bidii yake, lakini hapo tunaachana naye. Sisi tunayo njia pana aliyoionyesha Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza sanamu kwa mikono yake. Alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Miti, majengo, madaraja, mashua, mitambo: mtu hawezi kuyamaliza hayo kwa umri wake wote. Wale watu wadogo watolewe, wawekwe katika kikopo cha mdogo wa nyumba.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii badala ya kumjibu yule mama faraghani.

Angalieni majengo yaliyopata heshima ya boksi. Taj Mahal ilitoka mwaka 2008 ikiwa na vipande 5,922, na ikarudishwa sokoni 2017. Kazi nzuri sana. Lakini kilichomo ni kaburi na minara yake minne. Msikiti unaosimama upande wa magharibi wa kaburi lile haukuingia. Boksi la Dubai la mwaka 2020 lina Burj Khalifa, lina Burj Al Arab, lina na lile fremu kubwa la dhahabu. Msikiti hamna. Mji mzima wa Waislamu, na mtoto akimaliza kuujenga hajaona mahali pa kuswali.

Je, ni njama? Hatusemi hivyo. Kampuni ina njia ambayo mtu yeyote anaweza kupeleka wazo lake, na likipata watu 10,000 wa kuliunga mkono linaangaliwa na wakuu, na likichaguliwa mwenye wazo anapewa asilimia moja ya mauzo. Lakini masharti ya njia hiyo yanakataa mambo ya dini: alama zake, watu wake na majengo yake. Kanisa halikubaliwi, hekalu halikubaliwi, na msikiti vilevile. Wameamua kukaa mbali na ugomvi, na pengine wana sababu. Mwaka 2013 jumuiya ya utamaduni ya Waturuki wa Austria ililalamika kwamba boksi moja la filamu za Star Wars, kasri la mhalifu mmoja, linafanana na Hagia Sophia ya Istanbul. Kampuni ilijibu kwamba jengo limetoka katika filamu na si msikitini, na boksi likaacha kutengenezwa mwisho wa mwaka huo, wao wakasema ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo. Hatuingii katika kesi ile. Tunaona tu kwamba baada ya malalamiko yote, boksi moja liliondoka na msikiti haukuja.

Hivyo msikiti hautatoka kiwandani. Mtoto wetu akiutaka, itabidi ujengwe kwa matofali yaliyolegea, na mtu wa kuujenga pamoja naye ni mtu mzima mwenye subira ya majuma matatu. Ndiyo maana tunamtazama yule kijana wa Ulaya kwa jicho jingine.

Kazi yenyewe si ndogo. Jaribuni kuba. Matofali yana pembe, kuba ni duara, na chini yake chumba ni mraba. Tatizo hili si la plastiki, ndilo lililowakesha waashi wa Kiislamu kwa karne nyingi. Mi'mar Sinan, alipojenga msikiti wa Selimiye kule Edirne kati ya 1568 na 1575, naye akiwa mzee, aliliweka kuba lenye kipenyo cha karibu mita 31 juu ya nguzo nane, ili mraba ugeuke pembe nane, na pembe nane zikaribie duara. Mtoto aliyeangukiwa na kuba lake la plastiki mara tatu ataielewa hekima ya zile nguzo nane kuliko aliyesomewa darasani. Njia rahisi kwa anayeanza ni karatasi ya hesabu yenye miraba. Chora duara, na kila mraba ulioguswa na duara uhesabu tofali moja. Chora la pili dogo zaidi, la tatu, mpaka juu. Ni kuba la ngazi ngazi, lakini ukisimama mbali kidogo jicho linalikubali.

Au chukueni nakshi. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Peter Lu na Paul Steinhardt, waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa Kiislamu tangu karibu mwaka 1200 walikuwa wakitunga nakshi zao za nyota kwa kupanga vigae vya maumbo matano tu, na kwamba katika jengo la Darb-i Imam mjini Isfahan, la mwaka 1453, walifikia mpangilio ambao hisabati ya Magharibi iliutambua karne tano baadaye. Maumbo matano, na kuta nzima zikajaa bila kuchosha jicho. Fundi yule hakuwa na boksi lenye picha. Alikuwa na vipande vichache na akili yake, sawasawa na mjenzi wetu wa mezani.

Na wale wanaoona kwamba kumshirikisha mtoto katika jambo la msikiti ni kulishusha, watazame mji wa Djenné nchini Mali. Msikiti wao mkuu, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo, na kila mwaka mji mzima unatoka kuukandika upya kabla ya mvua. Wanaume wanapanda kutani, wanawake wanachota maji, na watoto wa kiume wanaingia katika mashimo ya udongo kuukanyaga na kuuchanganya. Ukiwatazama wanacheza, wanarushiana tope. Lakini bila ule mchezo wao udongo hauivi. Na msikiti wa Mtume (S.A.W.) pale Madina ulijengwa vipi? Kwa matofali ya udongo yaliyobebwa na masahaba, kila mmoja moja moja, na Ammar (R.A.) mbili mbili, na Mtume mwenyewe akibeba pamoja nao. Hatusemi plastiki ya mezani ina daraja ya kazi ile, hasha. Tunasema hakuna aliyekuwa mkubwa mno kwa tofali.

Lipo la gharama. Familia nyingi za huku haziwezi boksi hata dogo, na hatutaki mtu akope kwa ajili ya mchezo. Walioko Ulaya wanajua kwamba matofali yaliyotumika huuzwa kwa uzito katika masoko ya vitu vya zamani, na kilo mbili zilizochanganyika zinatosha msikiti mdogo na minara yake. Zinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni na kuingia katika sanduku la anayerudi likizo. Yapo pia matofali ya makampuni mengine yanayoshikana na LEGO kwa bei nafuu. Haya hayana ubaya: hataza ya zamani imeshakwisha muda, na mwaka 2010 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lile haliwezi kuwa alama ya biashara ya kampuni moja. Tofauti ni zile seti za kuigiza zilizonakili boksi la mtu, michoro yake na kitabu chake. Polisi wa Shanghai walivamia kiwanda cha namna hiyo kilichotumia jina la Lepin mwaka 2019, na mwaka 2020 mkuu wake alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Kununua kazi ya mtu iliyoibiwa ili umjengee mwanao msikiti, hiyo haikai.

Na asiyepata plastiki kabisa ana maboksi ya katoni, ana mabua, ana udongo. Watoto wa huku wanatengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona, nani amewafundisha? Tunachokitaka ni mtu mzima akae chini pamoja nao, hata kama kuba ni la bakuli la plastiki lililopinduliwa.

Tumepanga, In Shaa Allah, likizo ijayo ya madrasa iwe na meza ya ujenzi baada ya Asr, na tunawaomba akina baba waje, si kuleta watoto na kuondoka. Wanafunzi mlioko nje mnaweza kujenga huko huko na kutuma picha. Tumechagua jengo moja kwa wote, msikiti mdogo wa kuba moja na minara miwili, ili kazi zilinganishwe. Sharti ni moja: mihrabu ielekee qibla ya kweli ya mahali meza ilipo. Sisi wa Kampala tutaielekeza kaskazini, ikiinama kidogo mashariki. Aliyeko Denmark ataielekeza kusini mashariki. Watoto waanze kwa kutafuta hiyo, kabla ya tofali la kwanza.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.